Li Yu hakufundishwa kutunga na mateso

Kuna maneno yakisemwa mbele ya watu wanaopenda mashairi lazima ukumbi upige makofi, na lazima mimi nikunje uso. Majuzi niliyasikia tena. Mtoa mada, kipaza sauti mkononi, ametusomea tungo za Li Yu, mtawala wa mwisho wa Tang ya Kusini, ufalme wa karne ya kumi kusini mwa China. Alisoma vizuri, sitamnyima haki yake. Kisha akakunja karatasi, akashusha sauti, akasema: "Tushukuru kwamba ufalme wake ulianguka. Bila anguko lile tusingempata mshairi huyu."

Makofi, bila shaka. Dada aliyekaa mbele yangu akasema "Naam!" kwa nguvu.

Tushukuru? Nani hasa ashukuru, na amshukuru nani?

Najua wazo hili lilikotoka. Zhao Yi, mshairi wa enzi ya Qing, ana mstari unaopendwa mno: balaa ya nchi ni bahati ya mshairi. Aliutunga akimsemea mtu mwingine kabisa, Yuan Haowen, lakini mistari mitamu haina mwenyewe, kila aliyefikwa na msiba hubandikwa. Na huku kwetu hatuhitaji hata Zhao Yi. Tunalipenda wazo hili kwa asili. Mtunzi akiwa na shida tunamwambia shida ndiyo shule, akiumwa tunamwambia atatoa kitabu kizuri. Ni njia rahisi sana ya kutomchangia mtu dawa.

Maisha yake nitayapitia haraka, wengi mnayajua. Li Yu alizaliwa mwaka 937, mwaka uleule babu yake alipojitangazia ufalme. Mtoto wa sita, hakuna aliyemtazamia kiti. Kaka yake mkubwa, Li Hongji, alikitaka kiti kiasi cha kumlisha sumu baba yake mdogo, halafu naye akafa mwaka 959 kabla ya kukikalia. Wakati huo Li Yu alikuwa anaandika mistari kuhusu mvuvi mwenye mtungi wa pombe na mwanzi mmoja wa kuvulia. Ilikuwa kama kupaza sauti kwamba jamani, mimi simo, niacheni. Hawakumwacha. Mwaka 961 baba yake akafariki, naye, kijana wa miaka 24, akawa mtawala pale Jinling, Nanjing ya leo.

Wanaomwita mjinga aliyeiuza nchi kwa sababu ya mashairi wasome hesabu kwanza. Mwaka 958, enzi ya baba yake, Tang ya Kusini ilikuwa tayari imenyang'anywa ardhi yote ya kaskazini ya mto Yangtze, na baba huyo alikuwa ameshalivua jina la kaizari. Mwaka 960 Zhao Kuangyin akaanzisha nasaba ya Song huko kaskazini na kuanza kuwameza majirani mmoja baada ya mwingine. Li Yu alirithi nchi iliyokwisha kuuzwa nusu, akakaa nayo miaka 14 akipeleka zawadi na barua za unyenyekevu. Alipomtuma waziri wake Xu Xuan kwenda kusihi, akiuliza bwana wangu amekosa nini, Zhao Kuangyin akajibu jibu ambalo Wachina hawajalisahau: kando ya kitanda changu, nimruhusu mtu mwingine akorome?

Lakini mtawala mbovu alikuwa, nisije nikaonekana mtetezi. Alimuua Lin Renzhao, jemadari wake bora, kwa sababu watu wa Song walitundika picha ya jemadari huyo huko kwao ili ionekane ameshahama upande. Hila ya kitoto, naye akaikubali. Pan You alimwandikia ukweli mchungu, Li Yu akataka kumfunga, Pan You akajiua, na mwenzake Li Ping akafia gerezani. Na kuna ile habari ya taa, ambayo kwangu inasema kuliko zote. Li Yu alikuwa mcha Budha wa kupindukia. Siku za mfungo, kesi ya kifo ikifika mezani, inawashwa taa mbele ya sanamu usiku kucha: ikiwaka mpaka alfajiri, mfungwa anasamehewa, ikizimika, anachinjwa. Mnajua kilichofuata. Wenye fedha wakawa wanawahonga watumishi wa ikulu waongeze mafuta usiku wa manane. Maskini taa yake ikazimika kama ilivyoandikwa. Huyu ndiye mtu mwenye moyo laini tunayemlilia.

Mwisho wake ulianzia kwa msomi aliyefeli. Fan Ruoshui alikosa nafasi serikalini, akaenda kukaa Caishi akijifanya mvuvi, huku akivuta kamba kwa mtumbwi toka ukingo mmoja hadi wa pili kupima upana wa Yangtze. Vipimo akavipeleka Song. Mwaka 974 jeshi la Song likaunganisha mashua na kuvuka mto mpana vile kwa miguu, kitu ambacho Jinling walikicheka kuwa mchezo wa watoto. Baadaye Zhu Lingyun akaja na majahazi makubwa kuukoa mji. Akawasha mafuta ili awachome adui, upepo ukageuka, moto ukala majahazi yake mwenyewe, naye na watu wake wakaishia hapo. Mwisho wa mwaka 975 Jinling ikaanguka. Kabla ya kuanguka, kwa agizo la Li Yu, maktaba ya ikulu ikachomwa: vitabu na hati za mkono za mabingwa wa kale zilizokusanywa na vizazi viwili.

Sasa turudi kwenye "tushukuru". Mabaharia wa Zhu Lingyun walioungua mtoni washukuru? Yule maskini asiye na pesa ya mafuta ya taa? Mtoa mada hakuwa na maana hiyo, najua. Alikuwa na maana kwamba *sisi* tushukuru, sisi tuliokaa kwenye viti vya plastiki miaka elfu baadaye tukinywa soda.

Hata hivyo si huruma tu inayonikera. Kinachonikera zaidi ni kwamba dai lenyewe si kweli, na ushahidi upo Kaifeng, mji mkuu wa Song, alikopelekwa Li Yu baada ya kushindwa.

Kama mateso ni mwalimu, basi Kaifeng ya miaka ile ilikuwa chuo kikuu. Song walikuwa na desturi ya kuwaleta wafalme walioshindwa wakae mjini, wapewe nyumba, mshahara na askari wa kuwalinda wasitoke. Meng Chang wa Shu alijisalimisha mwaka 965. Akafika, akafa ndani ya mwaka huohuo. Mke wake mdogo, Bibi Huarui, ndiye aliyeacha ubeti mkali: watu 140,000 walivua deraya kwa pamoja, wala hakukuwa na mwanamume hata mmoja. Ubeti mzuri, wa hasira, na yeye alikuwa mtunzi tangu zamani. Liu Chang wa Han ya Kusini akaletwa mwaka 971. Alipoteza kila alichopoteza Li Yu. Akaandika nini? Hakuandika kitu. Alikuwa fundi wa mikono, akamsukia kaizari tandiko la farasi la lulu lenye umbo la joka. Siku alipopewa kikombe cha pombe na Zhao Kuangyin alilia akiomba asamehewe, kwa kuwa yeye mwenyewe, enzi zake, alikuwa na mtindo wa kuwawekea watu sumu kwenye vikombe. Kaizari akacheka, akakinywa. Baadaye, kwenye karamu ya kaizari wa pili, Liu Chang akatania kwamba wafalme walioshindwa wakizidi, yeye kwa kuwa alitangulia kufika apewe fimbo awe mkuu wao. Watu wakavunjika mbavu.

Kifungo kilekile, mji uleule, aibu ileile. Mmoja katoa tandiko na vichekesho, mwingine katoa mistari ambayo watoto wa shule China wanaikariri mpaka leo. Mwalimu akiwa mmoja na wanafunzi wakatofautiana hivyo, basi masomo yalifanyika mahali pengine.

Yalifanyika nyumbani. Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana hili halisemwi vya kutosha.

Baba yake Li Yu, Li Jing, alikuwa mtunzi. Waziri mkuu wa baba yake, Feng Yansi, alikuwa mtunzi tena wa hali ya juu. Hawa walitunga ci, yale mashairi yanayofuata lahani iliyopo, mistari mirefu na mifupi, kila silabi na mahali pake. Yaani si kitu cha kukurupuka nacho ukiwa na machozi. Feng ana mstari maarufu: upepo wazuka ghafla, wakunjakunja uso wa bwawa zima la maji ya machipuko. Siku moja Li Jing akamtania: "Upepo umekunja bwawa la maji ya machipuko, wewe inakuhusu nini?" Feng akajibu papo hapo kwamba haufiki mstari wa mtukufu: katika ghorofa ndogo zumari limepulizwa hadi mwisho, limepoa. Hebu fikiria kukulia nyumba hiyo. Kaizari na waziri mkuu wanakosoana mistari huku nchi inavuja, na mtoto wa sita anasikiliza.

Sasa chukua ule utungo wa Kaifeng ambao kila mtu anautoa kama ushahidi wa mateso, unaoimbwa kwa lahani ya Yu Meiren. Unaanza kwa kuuliza maua ya machipuko na mwezi wa vuli vitakoma lini. Unaendelea:

*Jana usiku upepo wa mashariki umevuma tena kwenye ghorofa ndogo;*
*nchi yangu ya jana, mbalamwezi hii, siwezi kugeuka kuitazama.*

Na unaishia:

*Niulizeni, huzuni hii yaweza kuwa kiasi gani?*
*Ni mto mzima wa maji ya machipuko, waenda mashariki.*

Ghorofa ndogo ya nani? Ya baba yake. Maji ya machipuko ya nani? Ya Feng Yansi. Yeye ameyatoa bwawani akayatia mtoni. Awe alikusudia au hakukusudia, mkono ulikuwa umeshazoea. Alipofika Kaifeng na hana ufalme, alikuwa na kitu kimoja ambacho askari mlangoni hawakuweza kumpokonya, nacho ni sikio lililonolewa miaka 30 na kitu kwenye nyumba ambayo mistari ilikuwa mazungumzo ya mezani. Mateso yalimpa la kusema. Namna ya kulisema alikuja nayo.

Na kama mnadhani kabla ya 975 alikuwa anachezea maneno tu, someni kile kipande cha msichana anayekwenda kwa mpenzi wake usiku:

*Maua yang'aa, mwezi umefifia, ukungu mwepesi umetanda;*
*usiku huu ndio wa kwenda kwake.*
*Kwa soksi tupu apanda ngazi zenye manukato,*
*mkononi kashika viatu vya nyuzi za dhahabu.*

Viatu mkononi! Hakuna neno la "hofu" pale, hakuna "siri", wala "moyo ukamwenda mbio". Kuna mtu aliyevua viatu visigonge ngazi, basi, na umeshajua kila kitu. Ni ustadi uleule utakaokuja kuandika, kule kifungoni, kwamba ndotoni nilisahau kuwa mimi ni mgeni, nikajiibia raha ya kitambo. Jambo moja dogo lililoonwa kwa jicho kali, bila kulipigia kelele. Mtu mwenye raha ndiye aliyejifunza hilo, tena, kwa mujibu wa masimulizi, akiwa katika raha isiyo ya halali: msichana mwenye viatu anadhaniwa kuwa ni mdogo wake mke wake, na mke, Zhou Ehuang, alikuwa kitandani mgonjwa.

Ehuang huyo alikuwa mpigaji hodari wa pipa, ala ya nyuzi ya Kichina. Mwaka 964 mtoto wao mdogo alifariki, na mama akafuata. Li Yu aliandika tenzi ndefu ya kumlilia, akatia saini kama mjane. Kwa nadharia ya mateso, huo ndio mwaka ambao mshairi mkubwa alipaswa kuzuka: kafiwa na mtoto, kafiwa na mke, na dhamira inamsuta. Mbona hatuisomi tenzi hiyo kwenye usiku wa mashairi? Mwaka 968 akamwoa yule mdogo mtu kwa sherehe kubwa.

Haya, nakubali, ingawa kwa shingo upande: tungo za Kaifeng ni kubwa kuliko za Jinling. Wang Guowei, mhakiki aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 20, alisema ci ilipofika kwa Li Yu ndipo upeo wake ulipopanuka, na kwamba tungo zake zimeandikwa kwa damu. Sibishani na Wang Guowei, sina ubavu huo. Ila ni yeye pia aliyesema kwamba kuzaliwa ndani ya ikulu na kulelewa mikononi mwa wanawake kulikuwa udhaifu wa mfalme na nguvu ya mshairi. Nusu hiyo wananukuu wachache, kwa sababu hailizi.

Kuna upande wa pili pia, wa wanaodhani cheo ndicho kinachotunga. Kwao nina jibu fupi: kaizari Qianlong alitunga mashairi zaidi ya 40,000. Nitajieni mstari mmoja.

Su Shi, mshairi mkubwa wa Song wa karne ya 11, naye alikuwa na neno lake. Li Yu ana utungo unaosimulia siku aliyotolewa Jinling: miaka 40 ya nchi, li 3,000 (li ni kipimo cha umbali cha Kichina) za milima na mito, lini niliwahi kujua silaha, kisha siku ile ya kuliaga hekalu la mababu mbiombio, wanamuziki wa ikulu wakiwa bado wanapiga nyimbo za kuagana, nikatoa machozi mbele ya wajakazi. Su Shi akakasirika. Mtu kaipoteza nchi, alipaswa alie nje ya hekalu na kuwaomba radhi watu wake ndipo aondoke, yeye anasikiliza muziki na kuwalilia wasichana! Nilipousoma ukosoaji huo mara ya kwanza nilimwona Su Shi mkavu. Siku hizi naona ana haki kabisa kuhusu mfalme, na hana haki hata kidogo kuhusu shairi. Mtawala mnafiki angejitungia hotuba ya kuwaaga wananchi. Huyu ametuambia alichofanya, na alichofanya kinamwaibisha. Aandike nini tena?

Kaifeng walimpa cheo cha kumkejeli: Mtemi Mkaidi wa Amri. Maisha yenyewe hayakuwa ya kishairi. Kumbukumbu za Song zinasema mwaka 977 alilalamika kwamba hana fedha, mshahara ukaongezwa na akapewa sarafu 3,000,000. Inasimuliwa aliwaandikia watu wa ikulu yake ya zamani kwamba hapa mchana na usiku nanawa uso kwa machozi. Na kuna masimulizi ya karne ya 12 kuhusu Xu Xuan, yule waziri wake, ambaye sasa alikuwa mtumishi wa Song. Alitumwa na kaizari mpya kumtembelea. Li Yu akatoka na kofia ya kitambaa chepesi na joho la watawa wa Tao, akamshika mkono, akalia kwa sauti, wakakaa kimya. Halafu akasema: najuta kuwaua Pan You na Li Ping. Xu Xuan alijua ataulizwa, na alipoulizwa alisema. Siku chache baadaye, usiku wa saba wa mwezi wa saba mwaka 978, siku yake ya kuzaliwa, Li Yu alikuwa na waimbaji wake nyumbani wakiimba tungo zake mpya, sauti zikasikika mpaka nje. Usiku huo, kwa masimulizi hayohayo, ikaletwa pombe yenye sumu inayokunja mwili mpaka kichwa kikutane na miguu.

Alikuwa na miaka 41. Mfungwa wa Kaifeng kwa miaka miwili na nusu tu.

Hapo ndipo hesabu ya mtoa mada inapogoma kabisa. Wanasema mateso yalitupa mshairi. Mateso yalimkuta mshairi aliyekamilika, yakamwacha atoe tungo chache, kisha yakamuua. Tulizo nazo leo, za zamani na za kifungoni ukizijumlisha, ni thelathini na kitu, chini ya arobaini. Su Shi aliyemkosoa aliishi miaka 64, naye alionja gereza na uhamisho, lakini aliachwa hai. Lu You, ambaye ndiye aliyekuja kuandika historia ya Tang ya Kusini, alizaliwa Song ikikaribia kupoteza kaskazini, akaililia kaskazini hiyo maisha yake yote, akafika miaka 84 na kuacha mashairi zaidi ya 9,000.